Mwani unaotesha mbegu haraka kweli au tunadanganyana? Watu wa Mtwara na Lindi njooni

#1 Kuchele_Kitalu
Habari za jioni wakuu, niende moja kwa moja. Nina kitalu huku Mikindani, miche ya mikorosho, mipapai na mboga mboga. Kuna mama mmoja upande wa Naumbu analima mwani, ule unaokatika kwenye kamba ambao mnunuzi anaukataa yeye hautupi, anautwanga mbichi kwenye kinu, anaukamua kwa kitambaa, yale maji anayachanganya na maji ya kisima halafu ndo analowekea mbegu za nyanya na bilinganya kabla ya kusia. Nimeenda mwenyewe nimeona, trei lake limeota kwa pamoja, miche shina nene, kijani kile cha kuiva, na mbegu tulinunua duka moja siku moja kopo la aina moja! La kwangu limeota huku na kule kama meno ya mtoto. Sasa nasema na anayebisha abishe, sisi watu wa pwani ya kusini tumekalia mali, tunanunua busta (vichocheo vya mimea) za chupa zilizochorwa mwani kwenye lebo zimetoka ng'ambo huko na mwani wenyewe unaozea mlangoni. Wenye uzoefu shusheni nondo.

#2 Mnewala_Halisi
Sisi wa juu huku bahari tunaisikia tu, maji yenyewe ya kunywa ni kesi. Nimevuta kiti. Ila mkuu kijani cha kuiva ndo kijani gani, kitu kikiiva si kinakuwa chekundu? 😂

#3 BintiSudi
Salamu wote. Mie nalima mwani, kamba zangu ziko Sudi, kwaiyo nirekebishe kitu kabla uzi haujajaa uongo. Huo mnaosema unaozea mlangoni, mwingi unaorundikana ufukweni wakati wa kusi sio mwani, ni majani bahari. Majani bahari ni mmea kamili, yana mizizi yanatoa na maua, yanaota kwenye mchanga. Mwani hauna mizizi wala maua, unashika jiwe au kamba na kunyonya chakula kwa mwili mzima. Ukienda na kiroba ukazoa ufukweni ukatwanga ukaja kusema mwani haufanyi kazi utakuwa umetuonea. Tunaolima sisi ni spinosamu na kotonii, yote ni kundi la mwani mwekundu hata kama kwa macho unauona wa kahawia au wa kijani.
Na huyo mama wa Naumbu simfahamu ila anachofanya wengi tunafanya, mie namwagia mchicha wa nyuma ya nyumba. Unanawiri, sikatai. Kwanini unanawiri sijui, niko hapa kusoma.

#4 Bwanashamba_Mstaafu
Vijana wangu hamjambo. Hili jambo si geni duniani. Miaka ya 1940 mwishoni huko Uingereza mkemia Reginald Milton alipata namna ya kuyeyusha mwani ukawa mbolea ya maji, na biashara yote ya chupa mnazoziona imetokea huko. Ila chupa nyingi za dukani ni za mwani wa kahawia wa bahari baridi, Ascophyllum nodosum, unavunwa Norway, Ireland, Kanada. Afrika Kusini wana wao, Ecklonia maxima, mkubwa kama mti. Huku kwetu haioti yote miwili, maji yetu ni ya moto.
Wanaofanana na sisi ni Wahindi. Pale Tamil Nadu wanalima kotonii kama yetu, na kituo cha utafiti cha Bhavnagar, Gujarat, ndicho kilichofanya kazi kubwa ya kukamua mwani mbichi na kupulizia maji yake kwenye mazao, kwa kuyachuja na kuyapunguza hadi asilimia 2.5, 5, 10, mpaka 15 hivi. Mwani mbichi karibu asilimia 90 ni maji kwaiyo kukamua si kazi. Ndani yake wamekuta homoni za mimea, saitokinini, auksini, jiberelini, pamoja na potasiamu nyingi. Auksini inavuta mizizi, saitokinini inagawanya seli, jiberelini ndiyo inayoamsha mbegu. Huyo mama wa Naumbu anafanya kitu chenye mguu wa kusimamia.

#5 Mbishi_wa_Mitwero
Shikamoo mzee wangu #4. Nakuheshimu ila hapa tunarukia homoni mapema mno. Swali kwa mleta mada: mbegu zako WEWE ulizilowekea nini?

#6 Kuchele_Kitalu
@Mbishi_wa_Mitwero mimi nyanya siloweki, nasia kavu, nani analoweka nyanya bwana? Korosho ndo naloweka.

#7 Mbishi_wa_Mitwero
Hahahaaa uzi ufungwe. Umelinganisha mbegu iliyolowekwa na mbegu kavu alafu umempa ushindi mwani! Mbegu ikilowekwa kwenye maji matupu ya bomba ikapata unyevu wa kutosha kabla ya kuingia kwenye udongo inaota mapema na inaota kwa pamoja, hilo linajulikana dunia nzima na halihitaji bahari. Kazi ya kwanza ya mbegu ni kunywa maji. Siku zile za mwanzo trei lako la udongo linakauka juu saa saba mchana na hili jua la Mikindani, nyingine zinapata nyingine zinakosa, ndo hayo mapengo yako. Maji tu. Nawasilisha.

#8 Mnewala_Halisi
Maji tena jamani, mnatutonesha 😂😂

#9 Ufuta_Dili
Niko Nachingwea. Mie niliwahi kujaribu mwani kwenye ufuta, jamaa yangu wa Kilwa aliniletea kwenye dumu, alichemsha yeye. Kilichotokea sasa, lile limaji lilipopoa likawa zito, ukinyanyua kijiko linafuata lote linateleza. Nikamimina kwenye ufuta, ufuta si mnajua udogo wake, ukagandana mabonge, kesho yake asubuhi siwezi kumwaga kwenye mstari ikabidi nichanganye na mchanga mkavu nisugue kwa viganja na hapo mbegu zimeshavimba zingine zinachubuka. Shambani ukaota makundi makundi, hapa kichaka hapa kiwanja cha mpira. Wife mpaka leo ananiita mzee wa mlenda. Kwaiyo kwa ufuta mimi HAPANA, mvua ya Januari ikikaa sawa mbegu yangu ya ufuta ya Lindi 02 inaota bila mchawi.

#10 BintiSudi
@Ufuta_Dili pole kaka lakini jamaa yako ndo kakuponza, spinosamu ukiichemsha inatoa ule uteute, ndo karajinani yenyewe wazungu wanayoifuata huku kuweka kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Wa kulowekea mbegu haupikwi. Twanga mbichi, kamua, chuja kwa kitambaa kizito, hayo maji yanatoka mepesi tu. Ukipika unapata gundi, na ukiweka kwenye bomba la kupulizia ile pua inaziba mpaka ufungue yote uoshe na sindano.

#11 Sokoni_Ruangwa
Mi naona hapo kwenye uteute ndo penye jibu lenyewe sema hamjapaona. Udongo wetu mchanga mtupu, maji hayakai. Mbegu ikivaa kale kateute inabaki na unyevu wake imezungukwa, jua likiwaka inakauka kwa kuchelewa. Sio homoni sio nini, ni koti la unyevu. Ndo maana kwenye nyanya limefanya kazi na kwenye ufuta limeharibu, ufuta ni mdogo mno umezama.

#12 Mbishi_wa_Mitwero
@Sokoni_Ruangwa umerudi palepale kwangu. Maji. Asante kwa ushirikiano.

#13 Sokoni_Ruangwa
Maji yanayokaa na maji yanayoondoka sio kitu kimoja bwana mkubwa.

#14 KilwaMasoko_Boy
Ngoja na mimi nichangie upande wa maumivu. Nilichukua mwani MKAVU ule wa kwenye chanja, nikaloweka kwenye ndoo siku kadhaa, maji yakawa rangi ya chai, nikalowekea pilipili hoho hybrid, mnajua bei ya kale kapakiti. Hakuna kilichotoka. Wiki zinaenda naangalia trei kama naangalia simu ya mtu asiyejibu meseji. Nikafukua, mbegu zimelala vilevile, ngumu, hata kuvimba hazijavimba vizuri. Duka wakaniambia mbegu zao nzima, tukagombana pale mpaka watu wakajaa.

#15 Bwanashamba_Mstaafu
@KilwaMasoko_Boy kijana wangu hiyo ni chumvi. Mwani mkavu ukiutazama una unga mweupe juu, ule ni chumvi imeganda. Ukiloweka bila kuusuuza umetengeneza maji ya chumvi, na mbegu haiwezi kunywa kwenye maji yenye chumvi kuliko ndani yake, maji yanakataa kuingia. Ndiyo maana umekuta hazijavimba. Hata mbichi una chumvi za potasiamu ndani yake, haziondoki kwa kusuuza, dawa yake ni kupunguza makali kwa maji mengi. Kwenye majaribio mengi ya kuotesha mbegu picha ni hiyohiyo, kidogo kinasaidia, kikizidi kinazuia kabisa. Watu wetu wanapenda kuongeza dozi, wanaona kikombe kimoja kimefanya vizuri basi ndoo itafanya maajabu.

#16 Mama_Mchicha_Shangani
Kweli kabisa mzee wangu shikamoo. Mimi nilikuwa nakadiria kwa ulimi 😄 ukionja ukasikia chumvi, ongeza maji. Ukionja husikii kitu, hapo sawa. Wataalamu mnisamehe.

#17 Bwanashamba_Mstaafu
Marahaba mwanangu. Ulimi si mbaya kama huna kipimo, ila usionje yaliyovunda.

#18 Dr_Udongo
Naona kila mtu ana jibu lake, ongezeni na langu. Mimi sina tatizo na maji wala koti, nina tatizo na homoni za mzee #4, kwa heshima zote. Busta za chupa unaambiwa uchanganye kifuniko kwenye bomba la lita 16, ukipiga hesabu homoni inayobaki pale ni chembe ndogo mno kueleza mabadiliko makubwa. Kuna watafiti wameangalia kwenye kale kammea ka maabara, Arabidopsis, wakamwagia maji ya Ascophyllum wakakuta mmea wenyewe unabadilisha utengenezaji wa homoni zake. Yaani kilichomo kwenye mwani ni kama taarifa tu, mmea unastuka unaamka unapika dawa zake mwenyewe. Zile sukari ndefu za mwani, laminarini, algineti, na karajinani kwenye mwani wenu mwekundu, mmea unazisoma kama dalili ya kushambuliwa, unajiandaa.

#19 Mbishi_wa_Mitwero
Kwaiyo mbegu inatishwa?

#20 Dr_Udongo
Kwa lugha ya vijiweni ndiyo. Inatishwa kidogo. Ikitishwa sana ni ya Kilwa Boy.

#21 KilwaMasoko_Boy
Niacheni jamani 😭

#22 Dumu_Linanuka
Wote mmeacha kitu kimoja. Mimi sikamui nikatumia palepale, natia kwenye pipa na sukari guru kidogo nafunika, linachacha, nakuja kufungua baada ya wiki kadhaa. Hapo ndo nguvu inapotoka, ni wale wadudu wadogo wasioonekana, wanavunja mwani kuwa chakula na wakiingia kitaluni wanapambana na kinyausi. Mimi tangu nianze miche yangu hailali shingo, zamani nilikuwa naamka asubuhi nyanya nusu trei zimekatika chini pale kwenye udongo.

#23 Jirani_Yako_Magomeni
Wewe ndo unayefungua pipa saa moja usiku watu wanakula? Nilijua kuna papa kafia kwenye mtaro.

#24 Dumu_Linanuka
😂😂 kama unanifahamu njoo uchukue nusu lita bure, usinitangaze.

#25 Bwanashamba_Mstaafu
@Dumu_Linanuka kinyausi kinapungua pia ukipunguza maji, ukisia kwa nafasi na ukibadili udongo wa kitalu. Je, hayo hukuyabadilisha?

#26 Dumu_Linanuka
Udongo nilibadili ndio mzee, nikaweka mchanga wa mto. Lakini nasisitiza pipa.

#27 Mkorosho_Mmoja_Tandahimba
Mnaongea nyanya nyanya tu, korosho je? Nimefuata ushauri wa wataalamu wa Naliendele, kile kituo cha utafiti wa korosho, nikajaribu mwani juu yake. Kwanza unatia mbegu kwenye ndoo ya maji, zinazoelea tupa au kaanga ule, zinazozama ndo mbegu. Unaloweka, unapanda kwenye kiriba ile sehemu ya kikonyo ikiangalia juu. Nikagawa, viriba vya mstari wa huku maji matupu, wa kule maji ya mwani. Hadi leo wife akisogeza viriba wakati wa kumwagilia siwezi kusema upi ni upi. Korosho ni mbegu kubwa, chakula chake kimejaa humohumo, unampelekea mtu mwenye ghala mfuko wa mchele. Mbegu ya msimu uliopita iliyokaa stoo ndo haioti vizuri, na mwani haufufui maiti.

#28 Kuchele_Kitalu
@Mkorosho_Mmoja_Tandahimba wewe uliangalia kuota tu, uliangalia mizizi? Mimi nikichana kiriba naangalia mizizi. Na baada ya kuhamishia shambani je, jua la Februari mvua ikikatika? Hapo ndo watu wanasema mwani unaonekana, mche hauchoki haraka.

#29 Mkorosho_Mmoja_Tandahimba
Nichane kiriba cha mche wa kuuza nikuangalizie mizizi? Utalipa?

#30 Mfuatilia_Minada
Wakuu samahani natoka nje ya mada, kuna mwenye taarifa mnada unaofuata wa korosho ni lini na Amcos yetu imeshapeleka mzigo ghalani?

#31 Mnewala_Halisi
Huyu kila uzi yupo. Hata kwenye uzi wa msiba aliuliza mnada.

#32 BintiSudi
Turudi kwenye mwani. Mzee #4 hiyo habari ya Wahindi imenikaa kichwani. Wakishakamua maji, yale makapi wanafanyia nini?

#33 Bwanashamba_Mstaafu
Ndiyo uzuri wake binti yangu. Makapi wanakausha na karajinani wanaitoa humohumo, maji yanakwenda shambani, makapi yanakwenda kiwandani. Sisi tunaanika jua linakunywa yale maji yote bure.

#34 BintiSudi
Mungu wangu. Sisi tunaamka na maji ya bamvua, miguu mchangani tangu alfajiri, unafunga mbegu, yaani vipande vya mwani, kwenye kamba moja moja, unavuna, unaanika, mvua ikinyesha unaukusanya mbio usiharibike, alafu kilo kavu unauza bei ambayo hata kuitaja naona aibu. Kotonii ndo yenye bei ila maji yakichemka kwenye kina kifupi inapauka inakuwa nyeupe inakatika, unabaki na kamba tupu. Tunabaki na spinosamu ya bei ya chini. Kumbe yale maji yanayodondoka chini ya chanja yana soko.

#35 Msimbati_Tulikuwepo
Dada usishangae, gesi nayo ilitoka hapa Msimbati ikapanda bomba ikaenda Dar. Mwani utarudi kwenye chupa umeandikwa kichina.

#36 Lindi_Hatulali
Mtwara na malalamiko ni ndugu wa tumbo moja.

#37 Msimbati_Tulikuwepo
Na Lindi na usingizi je?

#38 Mwanasheria_wa_Pembejeo
Kabla hamjachapa lebo, mbolea na visaidizi vya mbolea vinasajiliwa TFRA, mamlaka ya mbolea, kwanza ndo viuzwe, na ukiandika kwamba dawa yako inaua kinyausi umeshaingia kwenye viuatilifu, huko ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kutumia kwako nyumbani hakuna shida, kuuza ndo kuna mambo. Wenzetu Ulaya kwenye sheria yao ya mbolea ya 2019 iliyoanza kutumika Julai 2022 hivi vichocheo wamevipa kundi lake, kinachoangaliwa ni kazi kinayofanya kwenye mmea bila kujali kina virutubisho kiasi gani, na lazima uonyeshe kweli kinafanya hicho ulichoandika. Kwaiyo swali la Mbishi la maji tupu sio ubishi, ndo swali utakaloulizwa.

#39 Mbishi_wa_Mitwero
Nimepiga skrinishoti #38 nitaifremu.

#40 Dr_Udongo
Basi tufanye kitu, maabara za mbegu wanapima mbegu 400, mafungu manne ya mia mia. Sisi tufanye mia kila kikombe. Kikombe cha kwanza mbegu kavu hazilowekwi. Cha pili maji matupu. Cha tatu maji ya mwani yaliyopunguzwa. Cha nne, na hiki msikiruke, maji ya chumvi yaliyokozwa sawasawa na yale ya mwani, ili tujue kama ni vichocheo au ni chumvi inayoitisha mbegu. Muda uleule, mbegu za kopo moja, kitambaa kilekile chenye unyevu, mnahesabu kila siku saa ileile zilizotoa mzizi.

#41 Sokoni_Ruangwa
Ongeza cha tano, uteute wa mlenda. Tuone koti langu.

#42 Dumu_Linanuka
Na cha sita cha pipa.

#43 Jirani_Yako_Magomeni
Cha sita kifanyike mbali na Magomeni.

#44 Mama_Mchicha_Shangani
Mkipima kwenye kitambaa kivulini mtapata jibu la kwenye kitambaa kivulini. Mimi nataka kujua kwenye udongo wangu wa Shangani na maji yangu ya kisima yenye chumvi tayari. Labda huko Masasi kwenye maji matamu mwani unafaa na kwangu unaniongezea chumvi juu ya chumvi.

#45 Dr_Udongo
Hoja nzito hiyo. Maji ya kulowekea yenyewe hatujayapima hata mmoja wetu.

#46 Kuchele_Kitalu
Sawa nitafanya vikombe vyote, hata cha mlenda. Lakini nani atahesabu? Nikihesabu mimi Mbishi atasema nimependelea.

#47 Mbishi_wa_Mitwero
Mpe mtu vikombe vimeandikwa namba tu asijue kipi ni kipi. Mpe mtoto wa shule. Matokeo yakitoka maji tu, unaninunulia pweza pale feri.

#48 Kuchele_Kitalu
Pweza nanunua. @BintiSudi nakuja kuchukua ule uliokatika, ndoo mbili tu, uko bado?

#49 BintiSudi
Uko kaka, ila kuanzia juzi ndoo ni elfu tatu. Nimesoma uzi wote.

#50 Mnewala_Halisi
😂😂😂 Dada, kwa basi la Newala unatuma?